Taa ya Sufuria

Gari jeupe lilisimama mbele ya kibanda cha Banza bila kupiga honi. Wateja wa Nchelenge, mji ulio kando ya ziwa la Mweru, hupiga honi wakiwa bado mbali, na wenye baiskeli hupiga kengele, kwa hiyo Banza hakuinua kichwa mpaka alipoona kivuli cha mtu juu ya beseni lake la maji. Mgeni alikuwa mwanamume mrefu mwenye shati la kazi lililopigwa pasi. Alikunja magoti kidogo, akapiga makofi mepesi, salamu ambayo Mbemba humpa mtu anayemheshimu. Hakuna dereva aliyewahi kumsalimu Banza hivyo.

"Mwapoleni mukwai. Mimi Elliot. Tairi ya nyuma inatoka upepo, kidogo kidogo. Ba Memory njo alinituma. Alisema bwana ya Mama Keren anajua kazi."

Banza aliutazama mlango wa gari. Ulikuwa na nembo ya lile shirika linalogawa mbegu kwa wakimbizi. Florentine, mkewe, aliyekuwa akikaanga mikate kando ya kibanda, aliiona nembo hiyo pia, akavuta kuni mbili kutoka motoni ili asikie vizuri.

Ni yeye aliyeitafuta siku hiyo. Memory alikuwa msafishaji wa ofisi ya shirika, na Jumapili wote wawili waliimba safu moja kwenye kwaya. Florentine alimwomba, akamsihi, akamsukia nywele, mpaka Memory akazungumza na mkubwa wa ofisi, Madamu Chewe. Jibu likawa: lije gari moja kwanza, kazi ikiwa nzuri mengine yatafuata. Bila magari hayo, chumba walichopanga nyuma ya kibanda kingewashinda, wangerudi kwenye shamba lao katika kambi ya wakimbizi ya Mantapala, na Keren, binti yao, angeiacha shule ambayo ndiyo kwanza ameanza kuipenda.

"Na hii taa," Elliot alisema, akifungua mlango wa mbele. Nyuma ya usukani iliwaka taa ndogo ya njano, umbo lake kama sufuria, na ndani ya sufuria alama ya mshangao. "Inawaka pneu ikipunguka upepo. Boss anaichukia sana. Gari ikirudi na taa, ni mimi naulizwa."

Banza hakuwahi kuiona taa hiyo maishani. Alikuwa fundi wa malori ya samaki na baiskeli. Lakini aliiona nembo mlangoni, akacheka kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani.

"Kasufuria! Kananijua. Nikimaliza, hakatawaka. Kakiwaka, urudishe gari, nitakazima na mukono yangu. Unaona vile nimeandika pale juu?"

Juu ya kibanda, kwenye bati lililonyooshwa, Banza alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: KAZI YA BANZA, BANZA ANASIMAMA NAYO.

"Natotela, ba Banza," Elliot alimshukuru, akaenda ufukweni kumsalimia shangazi yake.

Kwenye gurudumu la lori lenye mpira wa ndani, fundi huanzia chuma chake karibu na valvu. Ndivyo Banza alivyofundishwa huko Pweto, ng'ambo ya ziwa, na mikono yake haikujua njia nyingine. Aliingiza chuma karibu na valvu, akakilalia kwa uzito wake wote. Kitu kikalia ndani ya tairi, ka!, kama mfupa wa kuku.

Alipoifungua tairi aliona kitu cheusi, kidogo kuliko kiberiti, kimefungwa kwenye shina la valvu. Kilikuwa kimepasuka. Kwanza alidhani ni uzito wa kusawazisha gurudumu, akashangaa kwa nini wameuweka ndani. Kisha akakumbuka taa. Gari hujuaje kwamba tairi imepungua upepo? Kuna kitu ndani kinacholiambia. Na hicho kitu alikuwa amekivunja.

Aligeuza macho. Florentine alikuwa akimtazama, mwiko wa mikate mkononi.

Angeweza kumwita Elliot wakati ule ule. Ufuko haukuwa mbali. Lakini aliiona nembo tena, akaliona bati lake na herufi zake nyekundu, akakitumbukiza kile kitu kwenye kopo la maziwa alimowekea viraka. Akaziba tundu, akaweka valvu ya kawaida ya mpira, akajaza upepo kwa compressor yake, mashine aliyoipenda kuliko kitu chochote walichokuwa nacho, akaigonga tairi kwa chuma na kusikiliza mlio kama alivyozoea.

Elliot aliporudi, taa haikuwa imezimika. Sasa ilikuwa ikipepesa.

"Inataka barabara," Banza alisema, bila kumtazama usoni. "Itembee kwanza. Itazoea, itazimika yenyewe."

Elliot alimwamini. Alimpa malipo kwa mikono miwili.

*

Juma lililofuata Elliot alikuja kwa miguu. Hakuwa na shati la kazi, na bila shati hilo alionekana mfupi zaidi. Mkononi alibeba mfuko wa chisense, wale dagaa wa Mweru waliokaushwa juu ya mchanga, kwa sababu kwao mtu haendi kuuliza neno kubwa nyumbani kwa watu akiwa mikono mitupu. Alimpa Florentine mfuko kwanza, ndipo akakaa.

"Ba Banza, naomba musamaha mbele ya kuuliza."

"Uliza tu, ndugu."

"Ile taa haikuzimika. Boss alituma gari kwa fundi ya kule Mansa. Fundi alifungua pneu, akakuta kale kakipimo ka ndani hakapo. Kuna valvu ya bule tu." Alivuta pumzi. "Boss anasema nilikauza. Kako na bei, anasema. Amenikalisha nyumbani mpaka mwisho wa mwezi, kisha nifukuzwe. Nikasema niulize. Pengine kaliangukia hapa, kwa muchanga. Pengine mutoto fulani alikaokota."

Florentine aliacha kugeuza mikate.

"Hapa hakukuanguka kintu," Banza alisema.

"Hata kidogo?"

"Ningeona, ningekupa. Ao unaniona niko mutu wa kuficha?"

Uso wa Elliot ukabadilika. Haya iliyompata ilikuwa ya kumwaibisha mwenzake kwa swali.

"Awe, awe mukwai! Haina vile! Nisamehe. Ni shida njo inauliza, haina mimi." Akasimama, akaangalia chini. "Nomba, naweza kuangalia kidogo tu? Sababu nikirudi nyumbani, muke yangu aniulize, niseme niliangalia."

Banza aliitikia kwa kichwa. Elliot alipiga magoti mbele ya kibanda, akaanza kuchambua mchanga kwa vidole, hatua kwa hatua, kama mwanamke anayechagua mawe katika mchele. Wapita njia walisimama. Kijana wa baiskeli akauliza, "Mzee umepoteza jino?" watu wakacheka, na Elliot naye akacheka kidogo kwa adabu, akaendelea. Alitoa misumari iliyopinda, vifuniko vya chupa, kipande cha mnyororo.

Na Banza, asiyejua afanye nini na mikono yake, akapiga magoti kando yake, akaanza kuchambua mchanga naye.

Kopo la maziwa lilikuwa juu ya rafu, karibu kabisa na vichwa vyao.

"Hakapo," Elliot alisema mwishowe, akipangusa magoti. "Asanti kwa kunisaidia, ba Banza. Mungu akubariki."

*

Jioni, jua likiwa bado juu ya maji, Florentine alitandika mkeka. Alikuwa amewapika chisense kwa mafuta ya mawese na nyanya, kama kwao. Keren alikula haraka, akalamba vidole, akakimbia kwa rafiki zake. Banza alimega bukari, ule ugali wa kwao, akaubonyeza, akaubonyeza tena.

"Kula, Papa Keren," Florentine alisema. "Ni samaki ya rafiki yako."

Banza aliurudisha ule mmego kwenye sahani.

Florentine alinyanyuka, akaenda kibandani, akarudi na kopo la maziwa. Akaliweka kati ya sahani zao, kama kitoweo cha pili.

"Ulijua?" Banza aliuliza.

"Nilikuona siku ile. Nikajiambia, ni kintu ya bule, ni chuma tu. Haina kweli. Niliona sura yako. Lakini nilikuwa nataka ile magari, njo nikanyamaza. Hii haya ni ya sisi wawili."

"Niliogopa."

"Kuvunja, kila mutu anavunja. Mi nimevunja masahani ngapi? Haina ile. Ni vile uliinama. Uliangalia muchanga pamoja naye, Banza. Akakushukuru."

Hakuwa amemwita kwa jina lake tupu tangu Keren azaliwe.

Banza alilisogeza kopo pembeni. Nje, jirani alikuwa akimwita mbuzi wake kwa matusi.

"Nikisema, magari haitakuya. Tutarudia Mantapala."

"Mantapala kuko batu. Banaishi."

"Na masomo ya Keren?"

"Keren amekula ile samaki saa hii, mbele yetu. Akikomaa akiuliza tulimulipa Elliot na nini, nimujibu namna gani?"

"Na Memory? Weye njo ulimwomba."

Hilo ndilo lililomuumiza Florentine kuliko yote, na Banza alijua. Memory alikuwa amesimama mbele ya mkubwa wake akasema, mutu huyu namujua. Florentine aliwafunika chisense kwa sahani nyingine.

"Memory atanikasirikia," alisema. "Akasirike. Lakini usiniombe tuende pamoja. Kule ofisini utaenda peke yako."

*

Mlinzi wa ofisi alimwambia akae kwenye benchi la watu wanaoomba mbegu. Banza alieleza kwamba haombi mbegu. Mlinzi akasema wote husema hivyo. Akakaa. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani, na kile kitu kilichopasuka kilikuwa mfukoni, kimefungwa kwenye kitambaa. Kila mara alikigusa, akitumaini kimepotea.

Madamu Chewe alikuwa mwanamke mnene, mchovu, mwenye miwani iliyosukumwa juu ya nywele. Hakujua Kiswahili zaidi ya kile cha kununua samaki. Banza alijua Kibemba cha kuuza upepo, lakini maneno aliyoyaleta hayakuwemo humo.

"Memory!" Madamu aliita.

Memory aliingia akipangusa mikono. Alipomwona Banza alitabasamu, kwa sababu alidhani ameitwa kwa ajili ya yale magari mengine. Alimnong'oneza haraka, "Papa Keren, nyoosha kola."

Banza alinyoosha kola. Kisha akafungua kitambaa juu ya meza.

"Mwambie ni mimi nilikivunja. Elliot hakuuza kintu. Nilivunja, nikaficha. Akakuja kuniuliza, nikamukatalia."

Tabasamu la Memory halikuondoka mara moja. Lilibaki usoni kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Alimtazama Banza, akamtazama mkubwa wake, akaanza kutafsiri polepole, akitazama ukuta. Kila sentensi ya Banza ilibidi ipite mdomoni mwa mwanamke aliyemdhamini, na kila moja ilimwaibisha yeye kwanza kabla ya kumfikia Madamu.

Madamu Chewe alikigeuzageuza kile kitu kwa ncha ya kalamu. Akauliza neno fupi.

"Anauliza, juu ya nini hukusema siku ile ile?"

"Nilisikia haya."

"Haya ya kuvunja?"

"Ya kutokujua. Sikujua kama kintu ya vile iko mule. Nilimwambia dereva ninajua."

Memory alitafsiri. Neno *insoni*, haya, Banza alilielewa mwenyewe. Madamu alishusha miwani, akamtazama kwa mara ya kwanza, si kwa hasira. Alisema maneno mengi, na Memory akayafupisha.

"Elliot atarudia kazi. Hiki kitatumwa Lusaka. Kuko namba ndani yake, watainakili kwa kipya, bila ile namba gari haikijui. Ungekitupa, shida ingekuwa kubwa zaidi. Bei ni juu yako. Na magari ya shirika yataenda kwa ule fundi mwenzako, Webby."

"Mwambie asanti."

"Nimeshasema." Memory alikunja kitambaa cha Banza, akamrudishia bila kumgusa vidole. "Mwambie Mama Keren Jumapili nitakaa safu ya nyuma."

*

Ili alipe kile kifaa, Banza aliiuza compressor yake kwa Webby, fundi wa ng'ambo ya barabara, ambaye hakupunja bei. Aliilipia mara moja, akaivusha barabara kwa mkokoteni huku akipiga mluzi, akaipanga mbele ya kibanda chake mahali ambapo Banza angeiona kila anapoinua kichwa. Fedha zote zilikwenda Lusaka. Wiki ile Banza alijaza upepo kwa pampu ya mkono, na wenye magari wakaacha kusimama kwake. Baiskeli zilibaki.

Kisha asubuhi moja gari jeupe likaja tena. Elliot alikuwa na shati lake lililopigwa pasi na kisanduku kidogo cha karatasi. Banza alikuwa hajamwona tangu siku ya mchanga. Alisimama, akasahau hata kujipangusa mikono.

"Elliot, mi..."

"Boss alisema nipeleke kwa Webby," Elliot alisema, akikata maneno yake. Hakupiga makofi ya salamu. "Nikamwambia, ule mutu alisema taa isipozimika ataizima na mukono yake. Boss akasema: akivunja tena, ni weye." Akamnyooshea kisanduku. "Njo nimekuja. Sijui kama nimefanya akili."

Banza alikipokea kwa mikono miwili.

Safari hii alianzia chuma upande mwingine kabisa, mbali na valvu, na alikisukuma kidogo kidogo kama anayefungua mdomo wa mtoto mgonjwa. Alitoa ile valvu ya mpira, akafunga kifaa kipya, akairudisha tairi kwenye rimu. Sasa ikabaki kazi ya upepo. Tairi isiyo na mpira wa ndani haikamati rimu kwa pampu ya mkono, upepo unaingia huku unatokea kule. Kwa compressor ni kazi ya dakika. Banza alipaka sabuni pembeni, akaizungushia tairi kamba, akaingiza fimbo kwenye kamba na kuisokota mpaka mpira ukabanwa ukauma rimu. Akaibana fimbo kwa goti, akaanza kupiga pampu.

Ng'ambo ya barabara compressor ilinguruma.

"Papa Keren!" Webby aliita. "Upepo yako ya zamani iko huku! Ya kununua tu!" Watu kwenye benchi lake wakacheka. "Ao simama nayo, kama uliandika! Simama nayo!"

Elliot aligusa mfuko wa suruali yake. Banza alitikisa kichwa. "Acha. Weye ulikwisha kulipa."

Alipiga pampu mpaka jasho likamwingia machoni. Tairi ilipumua, ikalegea. Akasokota kamba tena, akapiga tena. Mara fimbo ilimponyoka gotini, kamba ikafunguka, upepo wote ukatoka kwa sauti ndefu ya aibu. Benchi la Webby likapiga makofi.

Florentine alitoa sufuria ya mafuta motoni. Alikaza kitenge chake kiunoni, akaja, akamwondoa mumewe kwenye pampu kwa bega.

"Weye shika fimbo," alisema. "Kamba njo inataka nguvu. Hii ni kama kutwanga tu."

Na kweli aliipiga kama anayetwanga mihogo, mgongo wote ukifanya kazi, bila kutazama barabara. Banza aliilalia fimbo. Elliot alitazama kidogo, akavua shati lake la kazi, akalitundika kwenye kioo cha gari, akaja kuishikilia tairi isizunguke. Kisha upande mmoja ukaruka mahali pake, pa! na wa pili, pa! na Florentine akaketi chini hapo hapo mchangani, akicheka bila sauti, machozi yakimtoka.

Banza hakuigonga tairi kwa chuma. Alisoma kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi ya mlango wa gari, akapima zote nne kwa manomètre, akaongeza hapa, akapunguza pale, zikalingana. Elliot alisoma kwa sauti ujumbe ambao fundi wa Mansa alimtumia kwenye simu: chini ya usukani kuna kitufe, ukibonyeze, ushikilie mpaka taa ipepese mara tatu, uachie, kisha gari litembee.

"Weye bonyeza," Elliot alisema. "Ulisema mukono yako."

Banza alipangusa kidole kwenye shati, akabonyeza. Kasufuria kalipepesa, kalipepesa, kalipepesa.

*

Walikwenda polepole kwa barabara ya Kenani. Taa ilibaki ikiwaka. Walipita ufuko ambapo wanawake walikuwa wakitandaza chisense, na Banza akageuza uso.

"Nilikudanganya," alisema. "Nikapiga magoti karibu yako, nikakudanganya tena."

"Najua. Ba Memory alinieleza." Elliot alibadilisha gia. "Muke yangu anasema nisikusalimie. Mimi bado sijaamua."

"Njo haki yako."

Taa iliwaka. Njia ya Mantapala ilipita upande wao, na vibao vyake vya mashirika vilivyofifia. Mwisho wa muhula Banza na Florentine wangefunga mizigo na kuishika njia hiyo. Walikuwa wameshamwambia Keren. Alilia, akauliza kama kule nako kuna mwalimu wa hesabu.

"Magari haya yataenda kwa Webby," Elliot alisema baada ya muda. "Ile sina nguvu nayo. Lakini niko na baiskeli. Gurudumu ya nyuma inatoka upepo." Alisita. "Kesho bado utakuwa pale?"

"Kesho niko."

Banza hakuondoa macho kwenye taa. Gari lilipanda kilima kidogo, ziwa likatokea lote upande wa kushoto, jeupe kama bati. Walipoanza kushuka, sufuria ya njano ilizimika. Haikupepesa. Ilizimika tu, pakabaki kioo cheusi.

Elliot aliondoa mguu kwenye mafuta, akaacha gari lijiendee. Akanyoosha kidole, akakigusa kioo hicho, kama mtu anayehakikisha chungu kimepoa.

"Nisimamishie hapa," Banza alisema. "Weye pitisha ile njia fupi, boss anangojea gari. Mi nitarudi na miguu."

"Ni mbali, ba Banza."

"Ninajua."

Alishuka, akafunga mlango taratibu. Elliot aliinama kidogo juu ya usukani, akapiga makofi mawili mepesi, akaondoka. Banza akageuka kurudi Nchelenge, akitembea pembeni mwa lami.